Maswali yenu kuhusu joto: barafu ya samaki, sufuria ya maharage na mtungi usiopoza

Barua za mwezi huu zimetoka Tanga mjini na Bagamoyo, na karibu zote zinauliza kuhusu joto: linakwenda wapi, kwa nini haliji tunapolitaka, na kwa nini haliondoki tunapolifukuza. Tunaanza na swali la mzazi, kwa kuwa jibu lake ndilo linalobeba mengine yote.

Shikamooni wahariri. Kijana wangu wa kidato cha kwanza amekosa swali kwa kuandika kwamba joto na jotoridi ni kitu kimoja. Hata mimi ningeandika hivyo hivyo. Tofauti iko wapi?
*Mzazi, Chumbageni, Tanga*

Marahaba. Kosa la kijana linaeleweka, maana mtaani neno "joto" linabeba maana zote mbili. Darasani yametenganishwa kwa sababu nzuri. Jotoridi, ambalo redioni huitwa pia halijoto, linaonyesha ukali: chembe ndogo kabisa za kitu zinatikisika kwa nguvu kiasi gani. Tunalipima kwa nyuzi. Joto ni nishati inayohama kutoka penye jotoridi la juu kwenda penye jotoridi la chini, nayo tunaipima kwa juli au kilojuli, yaani juli 1,000.

Mwambie aweke mezani kikombe cha chai cha mililita 200 chenye nyuzi 90, na sakafuni ndoo ya lita 20 ya maji ya kuoga yenye nyuzi 40. Chumba kina nyuzi 28. Ukiuliza kipi cha moto zaidi, jibu ni chai, na hakuna ubishi. Sasa uliza kipi kitatoa joto jingi zaidi hadi kilingane na chumba. Kila kilo ya maji hutoa kilojuli 4.2 inaposhuka kwa nyuzi 1. Chai ina gramu 200 na inashuka nyuzi 62, kwa hiyo itatoa kilojuli 52. Ndoo ina kilo 20 na inashuka nyuzi 12 tu, lakini itatoa kilojuli 1,008. Ndoo ya uvuguvugu imebeba joto mara 19 zaidi ya chai inayounguza ulimi. Kwa sababu hiyo hiyo cheche ya fundi wa kuchomelea, iliyopita nyuzi 1,000, inaweza kukugusa mkononi ikazimika bila kuacha lengelenge: ni kali, lakini ni kachembe tu ka chuma na joto lililomo ni dogo mno. (Macho yana habari nyingine. Miwani ivaliwe.)

Jambo la mwisho ambalo kijana alijaribu mwenyewe atalikumbuka. Alfajiri ashike nondo iliyolala uani, kisha ashike mlango wa mbao. Nondo itamwambia "baridi", mbao zitanyamaza, ingawa vyote vimelala katika hewa ile ile na kipimajoto kitasoma sawa. Mkono haupimi jotoridi. Unahisi kasi ambayo joto linautoka, na chuma hulibeba joto upesi mara mamia kuliko mbao.

Habari za kazi. Napika maharage kilo 5 kila siku kwa mkaa. Yakishaanza kuchemka naongeza mkaa na kupepea ili yaive upesi, lakini muda ni ule ule. Dada yangu aliyeolewa Lushoto anasema kwake yanachelewa hata zaidi. Ubaya ni wa maharage au wa moto?
*Mama lishe, Ngamiani, Tanga*

Nzuri, mama. Ubaya si wa maharage. Unalipia mkaa ambao sufuria haiutumii kuivishia chochote.

Hapo Ngamiani uko karibu na usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Yakifika hapo jotoridi husimama. Ukipepea moto hadi jiko liwe jekundu, ndani ya sufuria kipimajoto kitasoma 100 ile ile, na maharage hayajui kwamba umeongeza mkaa. Joto lote la ziada linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Kazi hiyo inakula joto la ajabu: kupandisha lita 1 kutoka nyuzi 28 hadi 100 kunahitaji kilojuli 302, lakini kuikausha yote iwe mvuke kunahitaji kilojuli 2,260, zaidi ya mara saba. Joto hilo linaitwa joto fiche, kwa sababu linaingia bila kipimajoto kusogea.

Tupige hesabu ya mkaa. Kilo moja ya mkaa mkavu ina takriban kilojuli 29,000. Jiko la kawaida la bati hufikisha sufuriani kama robo yake, na robo tatu zinapotelea pembeni. Kwa hiyo kila lita unayoiacha ipae kama mvuke inakugharimu karibu gramu 300 za mkaa. Ikiwa kila asubuhi unaongeza maji lita 3 ili maharage yasiungue, unachoma karibu kilo moja ya mkaa kupasha moto hewa ya Ngamiani.

Fanya hivi. Loweka maharage tangu jioni, saa 8 au zaidi, umwage maji ya kulowekea. Weka maji mapya yapite juu ya maharage kwa sentimita 3 hivi. Chochea moto kwa nguvu mpaka yaanze kuchemka, hapo moto mkali una faida. Yakishachemka funika na uzibe mlango wa chini wa jiko mpaka ubaki ufa wa kidole kimoja. Unachokitaka ni vipovu vichache vinavyopanda pembeni mwa sufuria, si maji yanayoruka. Kwa sauti tu utajua: mfuniko ukicheza, moto ni mwingi mno. Mfuniko wa kawaida hauongezi jotoridi, lakini unarudisha mvuke chini ukiwa maji, na joto fiche linabaki nyumbani.

Wapo wanaosema chumvi huongeza ukali wa maji. Ni kweli kwa kipimo kisicho na msaada: gramu 58 za chumvi kwa lita moja hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 1. Hakuna mteja atakayekula hayo maharage.

Dada yako naye anasema kweli. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa inayokandamiza maji ni pungufu, mvuke unatoka mapema, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nyuzi 5 zinaonekana kidogo, ila maharage yanalainika polepole zaidi kwa kila uzi unaopungua, na moto mkali hauwezi kuzifidia. Dawa yake ni presha kuka. Mvuke ukifungiwa, maji hupanda hadi karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Asiijaze kupita nusu, maana povu la maharage huziba tundu la mvuke, na asifungue mpaka presha iishe yenyewe.

Tahadhari moja, mama, kwa kuwa unafungua mifuniko siku nzima. Mvuke wa nyuzi 100 unaunguza vibaya kuliko maji ya nyuzi 100, kwa sababu ukigusa ngozi unageuka maji na kumwaga pale pale joto fiche lote ulilobeba. Funua upande wa mbali nawe kwanza. Ukiungua, weka mkono kwenye maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta: vinaganda juu ya jeraha na kuzuia joto lisitoke.

Asalaam aleykum. Nanunua samaki Sahare saa 11 alfajiri na kuwapeleka Handeni kwa basi. Kasha langu ni la mbao za sentimita mbili na nusu. Natia barafu mabonge makubwa, lakini nikifika nakuta maji, na samaki wa katikati wameanza kulegea. Mwenzangu ananishauri nitie chumvi kwenye barafu. Nifuate ushauri wake?
*Mchuuzi wa samaki, Tanga*

Waaleykum salaam. Chumvi acha kwanza. Tuone barafu yako inaliwa na nani.

Mlaji wa kwanza ni samaki mwenyewe. Kilo 1 ya samaki hutoa kama kilojuli 3.6 kwa kila uzi anaoshuka. Kilo 30 wakishushwa kutoka nyuzi 28 hadi 0 wanatoa takriban kilojuli 3,000. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hunywa kilojuli 334, kwa hiyo samaki peke yao wanakula barafu kilo 9. Mlaji wa pili ni ukuta wa kasha. Kasha lenye mita moja na nusu za mraba kwa pande zote, likiwa la mbao za unene uliousema, linapitisha joto la kuyeyusha kilo 14 hivi kwa saa 8, na hapo ni kivulini. Likikaa juani au mbao zikilowa, ongeza. Ukuta wako unakula barafu kuliko samaki! Mlaji wa tatu ni wewe unapofunua kila kituo kuonyesha wateja.

Sasa chukua kasha hilo hilo, lakini ukuta uwe stairofomu ya sentimita 5, yale maboksi meupe mepesi. Kwa saa zile zile 8 litapitisha joto la kuyeyusha kilo 2 na nusu hivi. Siri iko kwenye hewa iliyofungwa ndani ya vijipovu vyake, kwa sababu hewa tulivu ni mchukuzi mvivu wa joto. Usumba wa nazi uliokauka, maranda na pumba za mpunga hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: tengeneza kasha la kuta mbili, acha nafasi ya sentimita 7 hadi 10, ujaze bila kushindilia. Kinachoharibu ni maji. Usumba ukilowa, mahali pa hewa pameingia maji, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kwa hiyo ndani tandika nailoni nzito isiyo na tundu, na viungo uvizibe vizuri. Makasha mengi ya kienyeji tunayoyaona yanakufa hapo, kwenye kona za chini.

Upangaji nao una makosa. Bonge kubwa linadumu, ni kweli, lakini linadumu kwa sababu halifanyi kazi. Barafu isiyoyeyuka haipozi kitu. Linagusa samaki wawili watatu, na wale wa katikati wanabaki na joto lao la baharini. Ponda barafu iwe vipande vya ukubwa wa kete za bao. Weka tabaka la sentimita 5 chini, safu moja ya samaki, barafu, samaki, barafu, na juu kabisa tabaka nene kuliko yote, kwa sababu maji yake ya nyuzi 0 yatateremka yakiwaosha samaki wote na kuondoka na joto lao. Waliopasuliwa walaze tumbo likitazama chini ili maji yasituame ndani. Toboa tundu dogo chini ya kasha maji yatoke, ulizibe kwa kitambaa ili hewa isipite. Kwa kipimo, barafu kilo 1 kwa samaki kilo 1 ndio uwiano wa kawaida kwa nchi zetu za joto. Kwa kasha zuri na safari yako itabaki, na ikibaki umefaulu.

Tuje kwenye chumvi. Chumvi huishusha barafu chini ya sifuri: sehemu 1 ya chumvi kwa 3 za barafu inaweza kukaribia nyuzi 21 chini ya sifuri. Ubaridi huo haukuja bure. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke haraka, na joto la kuyeyukia inalipora kwenye chochote kilicho karibu. Kwa hiyo barafu itaisha mapema zaidi, na samaki, ambaye nyama yake huanza kuganda kidogo tu chini ya nyuzi 1 chini ya sifuri, ataganda nje polepole. Punje za barafu ndani ya nyama huwa kubwa na kuipasua. Akifika Handeni akayeyuka, atakuwa rojorojo na mwenye chumvi juu. Njia hiyo ni ya watengeneza malai.

Na ukiambiwa barafu ya kiwanda fulani ni "kali" kwa sababu imetoka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, usiongeze bei kubwa. Ukali huo unakupa kilojuli 32 tu kwa kilo. Kuyeyuka ndiko kunakokupa 334.

Nimehamia Bagamoyo kutoka Dodoma na mtungi wangu. Kule maji yalikuwa baridi mpaka yanauma meno. Huku yanapoa kidogo tu. Mtungi umeharibika?
*Msomaji, Dunda, Bagamoyo*

Mtungi hauna kosa, dada, ila hewa imebadilika. Maji hujipenyeza kwenye vitundu vya udongo, yanafika nje na kuwa mvuke, na joto fiche la kugeukia mvuke yanalitoa kwa wenzao waliobaki ndani. Gramu 100 tu zikipaa zinaweza kuzishusha lita 10 kwa karibu nyuzi 6. Lakini maji hupaa pale tu hewa inapokuwa na nafasi ya kuyapokea. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 30, kama mchana wa kiangazi Dodoma, inaweza kukishusha kitu kilicholowa hadi nyuzi 20 hivi. Hewa ya nyuzi zile zile 32 yenye unyevu wa asilimia 70, hapo pwani, inagota kwenye nyuzi 27. Hakuna fundi wa mtungi atakayevuka mpaka huo.

Unachoweza ni kuufikia. Mtungi ukae kivulini penye upepo wa kupita, juu ya kigoda au mchanga uliolowa, si kwenye kona ya jikoni. Usiupake rangi ya mafuta. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chokaa na chumvi, na hizo huziba vitundu na kuacha ukungu mweupe nje: usugue kwa brashi ngumu na maji bila sabuni, kisha uanike siku nzima. Feni mbele ya mtungi inasaidia. Feni haipozi hewa, na mota yake inaongeza joto kidogo chumbani. Kinachopoa ni kitu kilicholowa mbele yake, uwe mtungi au ngozi yenye jasho, kwa hiyo kuiacha izunguke chumba kitupu ili "kipoe" ni kuchoma umeme bure.

Nyumba yangu mpya ni ya mabati. Mchana haikaliki, usiku mabati yanalia ta-ta-ta, na alfajiri yanadondosha maji ndani ilhali mvua haijanyesha. Fundi anadai yametoboka na anataka pesa ya kuyabadilisha. Bibi alikuwa na nyumba ya mawe ya zamani, hatukuwahi kuona hayo.
*Msomaji, Magomeni, Bagamoyo*

Usitoe pesa bado. Saa tano asubuhi mtu apande na mpira wa maji, amwage kwa dakika 10 kuanzia chini kwenda juu, nawe ukae ndani utazame. Tundu litajionyesha. Kisha angalia usiku wenye mawingu mazito: kama alfajiri yake hakuna matone, hicho ni umande wa ndani. Usiku wa anga safi, bati linamimina joto lake juu angani kwa mnururisho, yaani kwa miale isiyoonekana, na kushuka nyuzi kadhaa chini ya hewa inayolizunguka. Hewa ya pwani, pamoja na pumzi za waliolala, ina mvuke mwingi. Ikigusa bati hilo inaacha maji, sawasawa na soda baridi inavyotoka jasho mezani.

Kelele nazo zina sababu. Chuma hurefuka kwa sehemu 12 katika milioni kwa kila uzi. Bati la mita 3 lililofika nyuzi 60 mchana na kushuka hadi 20 alfajiri linafupika kwa milimita 1.4. Misumari inalishika, linakaza, kisha linachomoka kwa kishindo. Ndiyo maana sauti zinakuja hasa jua linapozama na linapochomoza.

Dawa ya yote matatu ni moja: dari, na upepo juu ya dari. Bati la moto linamwaga mnururisho juu ya vichwa vyenu, na dari inaukinga. Acha matundu yenye wavu chini ya paa pande mbili zinazotazamana, ili hewa ya moto na yenye mvuke itoke. Kupaka bati rangi nyeupe kwa nje kunarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto.

Ya bibi ilikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa nusu mita, joto la mchana linahitaji zaidi ya saa 12 kuuvuka, na likifika ndani limebaki kidogo sana. Bati la chini ya milimita 1 halina pa kulichelewesha.

Glasi zangu za chai zinapasuka, zile nene ndizo za kwanza. Kwa nini?
*Muuza chai, Makorora, Tanga*

Glasi hupitisha joto polepole. Ndani inatanuka, nje bado ya baridi, na kadiri ilivyo nene ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Isuuze kwa maji ya uvuguvugu kwanza, mimina kidogo kidogo, na usiiweke juu ya meza yenye maji baridi. Yenye mkwaruzo itoe kazini, ufa huanzia hapo.

Kwa nini ngalawa hutoka na umande (upepo wa kutoka nchi kavu) alfajiri na kurudi alasiri na upepo wa baharini?
*Mwanafunzi, Kaole, Bagamoyo*

Mchanga mkavu unahitaji karibu kilojuli 0.8 kwa kilo ili upande uzi 1, maji yanahitaji 4.2. Zaidi ya hapo jua linapenya ndani ya bahari na mawimbi yanalichanganya chini, wakati mchangani linaishia sentimita chache za juu. Mpaka saa nane mchana nchi kavu ni ya moto, hewa yake inapanda, na ya baharini inaingia kuziba pengo. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko bahari, mzunguko unageuka, na umande unavuma kuelekea majini mpaka jua lipande. Siku ya mawingu mazito tofauti ya jotoridi ni ndogo, na upepo huo unadhoofika. Kusi, upepo wa msimu kutoka kusini, likikaza kati ya Juni na Agosti, linaweza kuufunika kabisa, na nahodha anayetegemea umande kumtoa atangoja pwani.